Maswali mnayoniulizaga kuhusu maneno mapya ya jinsia: ya paka, ya nyota, ya anga la usiku

Mi natafsiri, hasa yale maandishi yanayopita chini ya video. Siku moja nikachukua kazi ya dakika kumi na mbili nikajua ni ya asubuhi moja tu, ikanila siku nne, na kisa ni neno moja. Kijana kwenye ile video alikuwa anaielezea jinsia yake kwa anga la usiku, hakugusa uanaume wala uanamke, na neno alilolitumia halimo kwenye kamusi hata moja niliyonayo nyumbani. Nikaanza kuulizauliza, watu nao wakageuka wakaanza kuniuliza mimi, na maswali ni yaleyale kila mara, basi nimeyakusanya hapa ili nipumzike kidogo. Lugha ni ya kawaida tu, anayetafuta Kiswahili cha mtihani atanisamehe.

Zenojenda ni nini hasa?

Ni neno mwavuli. Chini yake kuna maneno mengi madogomadogo na yote yanafanya kazi moja, kuielezea jinsia ya mtu kwa kitu ambacho sio mwanaume, sio mwanamke, wala sio katikati ya hao wawili. Mnyama, mmea, hali ya hewa, rangi, sauti, giza, nyota. Lilitungwa mwaka 2014 kwenye mtandao wa Tumblr na mtumiaji mmoja wa huko, akachukua neno la Kigiriki xenos, yani mgeni, akaliunga na jenda ya Kiingereza. Maelezo yake ya mwanzo yalikuwa karibu hivi: ni jinsia isiyoenea ndani ya uelewa wa binadamu kuhusu jinsia, kwa hiyo inabidi itafutiwe mpangilio mwingine, kama wa wanyama, mimea, au viumbe na vitu vingine.

Yani tangu mwanzo mtungaji hakuficha kwamba neno lenyewe ni la kukiri kushindwa. Lugha imegota, ngoja tupite njia nyingine.

Kwa hiyo mtu anasema yeye ni paka?

Hapana. Hili ndo swali la kwanza la kila mtu, na mi pia lilikuwa la kwangu.

Anayetumia lile neno lililounganisha paka na jenda anajua fika ana miguu miwili na analipa kodi ya nyumba. Anachosema ni kwamba ukimuuliza kule ndani kukoje, pale ambapo wengine wanajibu bila kufikiri kwamba mi ni mwanamke basi, yeye jibu linalomjia linafanana zaidi na paka: ule utulivu, ule ukaidi, ule mtindo wa kuwepo chumbani bila kuwa wa mtu. Wewe ukisema leo roho yangu nzito hamna mtu anakuja na mzani. Kwenye taarab mtu anaimbiwa ni njiwa, ni ua, ni nyota, na hakuna anayekimbia kumtafutia mtama. Tofauti iliyopo, na ni tofauti kubwa kweli, ni kwamba kwenye taarab wewe ndo unamfananisha mwenzako, unamsifu au unampiga kijembe, ila huku mtu anajifananisha mwenyewe, alafu anataka ule mfano uhesabiwe kama jibu. Hapo ndo watu wengi wanakwama na siwalaumu.

Msichanganye pia makundi matatu. Kuna watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanaosema kiroho wao sio binadamu kabisa, hao wana jina lao na historia yao. Kuna mashabiki wa wanyama wa kuchorwa wanaovaa mavazi ya manyoya kwenye mikutano yao, hiyo ni burudani, ukirudi nyumbani unavua. Na kuna hawa wa zenojenda, ambao wanaongelea jinsia tu. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye makundi mawili, sawasawa na mtu anavyoweza kuwa Msukuma na akawa shabiki wa Simba, ila hayo sio kitu kimoja.

Je ni kweli shule za Marekani zinawawekea wanafunzi masanduku ya mchanga wa paka, eti wanaojiita paka wajisaidie humo?

Sio kweli. Uvumi ulivuma sana mwaka 2022, wanasiasa wakaubeba. Seneta mmoja wa jimbo la Nebraska, Bruce Bostelman, aliusema kwenye bunge la jimbo mwezi Machi mwaka huo, na baadaye akaomba radhi maana ulikuwa uongo. Waandishi walipofuatilia walikuta wilaya moja ya shule huko Colorado, Jefferson County, ambayo shule ya Columbine iko ndani yake, kweli inaweka mchanga wa paka madarasani. Sababu yake sasa: ni ndoo za dharura, ili watoto wakifungiwa ndani muda mrefu kwa sababu kuna mtu anapiga risasi shuleni wapate pa kujisaidia. Niliposoma hiyo nilikaa kimya dakika kadhaa.

Haya maneno yanatungwaje?

Kuna mapishi, na ukishayajua unaweza kulifungua neno lolote.

Njia ya kwanza ni kuunga. Unachukua mzizi wa kitu unachotaka, paka, nyota, utupu, unauweka mbele au nyuma ya jenda. Njia ya pili ni vipachiko vya Kilatini na Kigiriki, kile cha nusu kwa mtu anayejiona nusu msichana na nusu isiyo na jina, kile cha kukanusha kwa asiye na jinsia kabisa, na kuna vya mtiririko kwa ambaye leo yuko hivi kesho vile. Njia ya tatu ni kuchukua neno la kawaida na kulipinda. Mfano ninaoupenda ni "maverique", nalo la mwaka 2014, lenye maana ya jinsia inayojitegemea, ambayo ipo lakini haihusiani na uanamke wala uanaume. Limetoka kwenye neno la Kiingereza la mtu asiyefuata kundi, na lenyewe lilitokana na mfugaji wa Texas, Samuel Maverick, ambaye ng'ombe wake hakuwa akiwapiga chapa. Ng'ombe asiye na chapa! Mfugaji yeyote wa Shinyanga angelielewa hilo neno haraka kuliko profesa.

Neno likishatungwa linatangazwa, na tangazo lina sehemu zake, neno lenyewe, maana kwa sentensi moja au mbili, asili ya mizizi, na bendera. Bendera haikosekani. Ni mistari ya rangi, na kila rangi ina tafsiri yake, hata ile ya nonbainari, yani watu wasiojiona ni wanaume tu wala wanawake tu, ya mwaka 2014 ina manjano, nyeupe, zambarau na nyeusi na kila moja inasema jambo. Mi nikiziona nakumbuka kanga, kwamba kitambaa bila jina lake pale chini hakijakamilika, na mvaaji anajua anamwambia nani. Kwa hiyo neno jipya linakuja na nguo yake kabisa.

Mengi yanakufa. Hili watu hawaambiwi. Kwenye zile hifadhi za maneno za Tumblr kuna mamia na mengine yametumiwa na mtungaji peke yake, au hata yeye aliyaacha baada ya wiki. Mwenye kuyahesabu yote na kuandika eti sasa kuna jinsia mia kadhaa anahesabu mbegu anasema ni miti.

Mbona wasitumie yaliyopo, si kuna nonbainari tayari?

Wapo wanaotumia yote mawili. Lakini liangalie neno nonbainari lilivyojengwa, linakwambia tu mtu sio nini. Ni kama nikuulize unatoka wapi ukanijibu sitoki Tanga wala Mombasa. Sawa, nimekuelewa, ila bado sijui nikuletee barua wapi.

Alafu kuna jambo la usonji, kwa Kiingereza "autism". Utafiti wa chuo kikuu cha Cambridge uliotoka mwaka 2020, uliopitia taarifa za watu zaidi ya 600,000, ulikuta kwamba watu ambao jinsia yao haiendani na ile waliyoandikiwa wakizaliwa wana uwezekano wa mara 3 hadi 6 zaidi wa kuwa na usonji kuliko wengine. Haina maana kwamba moja linasababisha jingine. Ila wenye usonji wengi wanaeleza kwamba zile kanuni ambazo hazisemwi, kwamba mwanaume anakaa hivi, mwanamke anacheka hivi, wao haziwaingii zenyewe, wanaziona kwa mbali kama mchezo ambao hawakupewa sheria zake. Ndo maana kuna hata neno maalumu la mtu anayesema jinsia yangu siwezi kuielezea bila usonji wangu. Kwa mtu wa namna hiyo kuielezea jinsia kwa umbile la kitu, kwa sauti au kwa rangi, sio madoido, ndo lugha aliyonayo.

Jinsia ni mbili tu, haya mengine si mmeyaleta nyie?

Kwanza mi sijaleta kitu, nimeletewa kazi. Pili, ngoja tulichimbe neno jinsia lenyewe maana humo ndani kuna utamu.

Jinsia imetoka kwenye jins ya Kiarabu, na jins imetoka kwenye genos ya Kigiriki, na maana yake ni aina. Tu. Aina ya kitu chochote. Ndo maana mpaka leo unasema jinsi ya kupika pilau na hamna anayedhani pilau ni la kike au la kiume. Jenda ya Kiingereza imepitia genus ya Kilatini, ndugu wa damu wa ile genos, nayo ni aina. Na kwa karne nyingi jenda lilikuwa hasa neno la walimu wa sarufi, kugawa majina makundi. Kulitumia kwa nafasi na tabia za mtu kama mwanaume au mwanamke, hicho ni kitu cha katikati ya karne ya 20, mwanasaikolojia John Money anatajwa sana hapo kwa maandiko yake ya mwaka 1955, na historia yake huyo ina doa kubwa lakini sio mada ya leo.

Sasa njoo kwetu. Zile jenda za sarufi sisi tunaziita nini? Ngeli. Na neno ngeli limetoka Kihaya, na maana yake, kweli tena, ni aina. Yani watu wa Bukoba, Waarabu na Wagiriki, wote walipotaka kuyagawa mambo walisema aina, aina, aina. Kiswahili kina ngeli ya watu na viumbe hai, kina ngeli ya miti, ya matunda, ya vitu, ya mahali, mpaka ya kitendo, na hamna hata moja ya kike wala ya kiume. Mfaransa meza kwake ni ya kike. Sisi meza ni meza, ila tunajali sana kama kitu kiko hai au la, kikubwa au kidogo, kiko hapa au mle. Mtoto aliyelelewa na lugha ya namna hii akiambiwa kuna watu wanataka kuligawa neno jinsia kwa mimea na wanyama na mahali asishangae sana, babu zake walishafanya hivyo kwenye sarufi kitambo. Sisemi ni kitu kilekile. Nasema kugawa aina kuna njia nyingi.

Kwani haya mambo yameanza juzi na intaneti?

Zenojenda ndiyo, ni mtoto wa intaneti. Lakini kutunga maneno ya jinsia ni kazi ya zamani. Mwaka 1884 mwanasheria wa Marekani anaitwa Charles Crozat Converse alichoka na Kiingereza kulazimisha "he" au "she", akatunga "thon" kwa kufupisha maneno mawili yenye maana ya yule. Lilifika mbali, mwaka 1934 likaingia kwenye kamusi kubwa ya Merriam-Webster, mwaka 1961 likatolewa kwa kukosa watumiaji. Huyu Converse mnamfahamu bila kujua, ndo aliyetunga muziki wa Yesu kwetu ni rafiki. Mmemuimba wote.

Waswidi wana "hen", neno la kumtaja mtu bila kusema ni mwanaume au mwanamke, lilisukumwasukumwa tangu miaka ya 1960, likaingia kwenye orodha rasmi ya maneno mwaka 2015. Wafaransa mwaka 2021 kamusi ya Le Robert kwenye intaneti ikaweka "iel", la kazi hiyohiyo, waziri wa elimu akaja juu, mke wa rais akasema viwakilishi viwili vinatosha. Kwa Waingereza na Wamarekani lililoshinda sio neno jipya kabisa, ni "they" ya zamani iliyopewa kazi ya mtu mmoja, na Merriam-Webster wakaifanya neno la mwaka 2019.

Hata neno la walio wengi, sisijenda, la mtu ambaye jinsia yake inaendana na aliyoandikiwa akizaliwa, limetungwa, kwa Kilatini cha upande huu, na kamusi ya Oxford imelipokea mwaka 2015. Kwa Kiswahili linachekesha maana linasikika kama jenda yetu sisi, na kwa kweli watu wengi ndivyo wanavyoichukulia, ni sisi na hao.

Watu wengine watakutajia Wabugi wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, wenye jinsia tano, pamoja na bissu ambao ni kama makuhani, au wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waliokubaliana Winnipeg, Kanada, mwaka 1990 kutumia neno la roho mbili. Ni kweli vipo. Ila naomba tusivisukumize ndani ya kapu la zenojenda. Bissu ana mafunzo, ana ibada, ana jamii inayomtambua kwa kazi yake. Wale wa Winnipeg walitaka neno lao haswa ili wasiitwe kwa maneno ya wageni. Mtoto wa miaka kumi na saba aliyetunga neno usiku chumbani ana haki ya kutunga, lakini hawezi kuwa mrithi wa bissu kwa sababu tu wote wawili wanakushangaza wewe.

Kiswahili kina yeye, kwa hiyo sisi hatuna shida, sivyo?

Hahaa. Hii nilikuwa naisema mimi, kwa majivuno kabisa, siku ya kwanza ya ile kazi.

Yeye ni baraka, sikatai. Mwingereza anahangaika nusu ya maisha yake na "he" na "she", wengine wametunga viwakilishi vya majina ya vitu kabisa, vya nyota, vya sungura, na sisi tunasema amekuja, ameondoka, yaishe. Nilipokuwa natafsiri, sehemu yote ya viwakilishi nilimaliza kwa nusu saa, na hapohapo nikaharibu. Kijana alikuwa anaeleza dakika mbili nzima jinsi anavyoumia akiitwa kwa kiwakilishi kisicho chake, na mi maandishi yangu chini yanasema ananiita yeye badala ya yeye. Ukisoma unadhani mtafsiri amelewa. Ikabidi niandike ananitaja kama mwanamke, na kule ananitaja kama nyota, nikazunguka, sababu Kiswahili hakina pa kuumia hapo.

Ila tunaumia kwingine. Jaribu kumuoza mtu kwa Kiswahili bila kutaja jinsia yake. Juma anaoa, Asha anaolewa, kitenzi chenyewe kimeshagawa. Unaweza kukwepa na kufunga ndoa, sawa. Haya jaribu ukoo. Mwingereza ana neno moja kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, sisi tunataka kujua ni wa upande wa nani na amezaliwa wa ngapi. Wifi ndo kabisa, inabidi pande zote mbili wawe wanawake ndo neno likubali. Na mtaani hamna kumuita mtu kwa jina kavu, ni dada, kaka, mama, baba, anti, anko, kabla hujauliza bei ya nyanya umeshaamua jinsia ya muuzaji. Kwa hiyo mtu ambaye Kiingereza kinamchoma kwenye kiwakilishi, Kiswahili kitamchoma kwenye salamu. Afadhali shikamoo, hiyo inaangalia umri tu.

Maneno yasiyoegemea upande tunayo. Ndugu, ambalo enzi za Ujamaa liliitia watu wote, waziri na mkulima, mke na mume. Mwenzangu. Mpendwa. Jirani. Mwalimu, hata kwa ambaye hajawahi kushika chaki.

Na wale wanaotaka kuitwa kwa neno la vitu?

Wapo, Kiingereza wanataka "it", neno la meza na mawe, na wanalipenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba haliwaingizi kwenye ubinadamu wa kulazimishwa. Hapa ndo ngeli inakuwa mtego. Tafsiri ya moja kwa moja inakuwa kile kimekuja, kimekaa pale, na kwa Kiswahili hilo ni tusi, tena zito, ndivyo tunavyomsema mtu tunayemdharau: kijitu kile, kitoto kile. Na lile la ukubwa nalo ni hivohivo, jitu lile limekuja. Halafu ona ajabu, ukimtaja mnyama halisi sarufi inampandisha daraja, paka amelala, kiboko anaoga, kipepeo ameruka, ki- ya jina ipo lakini kitenzi ni cha kiumbe hai. Yani Kiswahili kinampa kipepeo heshima ambayo kinamnyima mtu aliyeitwa kijitu.

Kwa hiyo kama mtu anasema jinsia yake ni ya kipepeo, sarufi yetu ina nafasi yake tayari bila kumvunjia heshima: kipepeo huyu amefika. Nyota ni shughuli kidogo, maana nyota ya mbinguni ni inang'aa, ila nyota wa mpira anang'aa, tumeshazoea kuihamisha. Anga sijui. Anga imenishinda mpaka leo, anga hii, anga hili, watu wenyewe hawajakubaliana.

Si ni utani tu wa watoto wa mtandaoni?

Mengine ni utani, ndiyo. Na mengine yametungwa na watu wanaokejeli, wakayapenyeza ili baadaye wayaonyeshe waseme mnaona upuuzi huu. Toka mwaka 2014 hivi kulikuwa na kile kichekesho cha mtu anayedai jinsia yake ni helikopta ya kivita, kikasambaa kila mahali, kikawa jibu la haraka kwa mtu yeyote anayesema chochote kuhusu jinsia yake. Kwa hiyo ukikutana na neno geni huna njia ya kujua kwa kulitazama tu kama ni la dhati. Muulize mwenye nalo, na msikilize anavyojibu. Anayekejeli huwa anachoka haraka, swali la pili tu keshaanza kucheka.

Wapo pia watu wa transijenda, yani ambao jinsia yao sio ile waliyoandikiwa wakizaliwa, wasioyataka haya maneno kabisa, wanasema sisi tunapigania matibabu na vitambulisho, nyie mnatuletea paka, mnatufanya tuonekane wote tunacheza. Hoja hiyo ina uzito. Wenzao wanawajibu kwamba waliokuwa wanawachukia walikuwa wanawachukia kabla paka hajazaliwa. Hoja hiyo nayo ina uzito. Mi nimekaa katikati na sioni aibu.

Kuna nchi inayoandika zenojenda kwenye pasipoti?

Hakuna. Kiwango cha kimataifa cha pasipoti kina herufi tatu tu, M, F na X. Australia iliifungua X kwa watu wengi zaidi mwaka 2011, Ujerumani ikaweka chaguo la tatu kwenye rejesta mwishoni mwa 2018, Marekani ilitoa pasipoti ya kwanza ya X Oktoba 2021 na Januari 2025 Rais Trump akaamuru zirudi kuwa mbili. Kampuni zilikwenda mbali kuliko serikali, Facebook Februari 2014 iliwapa watumiaji wa Marekani machaguo zaidi ya 50, mwaka uliofuata ikaongeza kisanduku kitupu ujaze mwenyewe. Naona hicho kisanduku kitupu kilikuwa na akili kuliko orodha.

Na huntha ni hawahawa?

Sio. Huntha ni habari ya mwili, mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoingia moja kwa moja kwenye kike au kiume. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524. Usimuite huntha mtu wa zenojenda, na kinyume chake pia, utawakosea wote wawili.

Mbona BAKITA wasitunge neno la Kiswahili tukamaliza?

Wakitunga sawa, nitalitumia. Ila tukumbushane. Tarakilishi ilitungwa vizuri kabisa, Kenya inafundishwa shuleni, na bado ukienda kwa fundi unasema kompyuta. Ngamizi je, nani anaikumbuka ngamizi? Wakati huohuo barua pepe na tovuti zimekaa kama zilizaliwa Unguja. Hamna fomula, neno linakaa pale watu wanapokuwa na haja nalo kila siku.

Nimepelekewa mapendekezo na wasomaji. Jinsia geni, ambalo ndo tafsiri ya ule Ugiriki, ila neno geni kwetu linatia wasiwasi, jambo geni huwa ni la kutiliwa mashaka. Jinsia pekee, zuri, lakini ukilisikia haraka unadhani ipo moja tu duniani. Mmoja akaleta jinsia fumbo. Hilo lilinipiga, maana fumbo kwetu sio kitu kisichoeleweka, ni kitu kinachoeleweka na anayestahili. Ila sio mimi wa kuamua, na mpaka wenyewe wenye jinsia hizo wanaoongea Kiswahili waseme wanataka nini mi naandika zenojenda, inasomeka, haimtusi mtu.

Nikikutana na mtu kama huyo nimuiteje?

Kwa jina lake.

Mwishowe ile kazi uliitafsirije?

Sikutunga neno. Nilijaribu matano, nikayafuta yote. Siku ya nne usiku umeme ulikatika mtaani kwetu, nikatoka kukaa barazani, mama mwenye nyumba naye yuko nje anapunga upepo, nikaona nimuulize tu. Mama, mtu akikwambia yeye ndani mwake kuko kama anga la usiku, utaelewaje? Akafikiri kidogo, akasema, yani hashikiki huyo, lakini yupo.

Umeme uliporudi nikaandika vilevile. Maandishi ya chini ya video mwisho wake ni mistari miwili, ikaenea kwenye mmoja.